Mkwe Asiyesahihishwa

Kihispania kimeigawa dunia mafungu mawili, la kike na la kiume, na hakuna kitu kilichoachwa nje. Kiti ni cha kike. Daraja ni la kiume. Mkono ni wa kike hata ukiwa wa bondia. Ukishajua fungu la kitu, kila neno linalokifuata lazima livae sare ya fungu hilo, na sisi tuliozaliwa ndani ya lugha hii tunaivalisha bila kufikiri, tukiwa tunatafuna, tukiwa tumelewa, tukiwa tunagombana. Wanaoanza kuisema wakiwa watu wazima wanateseka maisha yao yote. Kwa kuwa nasimulia kwa Kiswahili, siwezi kuonyesha makosa yao kama yalivyo, kwa hiyo nitayahamishia kwenye ngeli. Ukimsikia mtu hapa chini anasema "kiti yangu", jua kwamba kule Xalapa, Meksiko, alikuwa amekivua kiti sketi yake hadharani.

Makosa hayo ndiyo yalikuwa mkate wangu. Nilifanya kazi katika maabara ya lugha ya Daktari Amparo Zaldívar, chumba chenye ukungu ukutani na viyoyozi viwili visivyohitajika, maana Xalapa hunyesha manyunyu karibu mwaka mzima. Daktari alikuwa akichunguza jinsi wazawa na wajifunzaji wanavyopatanisha maneno wakiwa katika mazungumzo ya kawaida. Mimi nilibandika maikrofoni kwenye kola za watu, nikawasikiliza baadaye kwa visikizio, nikaweka alama kila palipoharibika. Watu waliokuja kurekodiwa waliniita daktari. Sikuwa daktari, lakini ukimsahihisha kila mtu hutamaliza kazi.

Kwetu ni Torreón, kaskazini, kwenye vumbi. Huko mtu akikosea anaambiwa papo hapo, na akinuna anaambiwa tena. Watu wa milima ya Veracruz, ambako Xalapa iko, ni wengine kabisa. Nilikuwa nimeishi kwao miaka kadhaa na bado nilikuwa sijui nani ananipenda na nani ana adabu tu.

Utaratibu wa utafiti ulikuwa hivi. Watu wawili wanakaa mezani, pazia katikati. Mmoja ana picha zilizopangwa ubaoni, mwenzake ana picha zilezile zikiwa zimechanganywa. Wa kwanza anaeleza, wa pili anapanga. Mjifunzaji anakuja na mzawa anayeishi naye, ili maneno yatoke kama yanavyotoka nyumbani. Siku nyingine yule mzawa anarudi peke yake, anafanya kazi hiyo hiyo na mzawa mwenzake asiyemfahamu. Mwishoni wote wanaitwa, wanaelezwa tulikuwa tunatafuta nini, na wakitaka wanasikilizishwa sauti zao. Hilo la mwisho ni haki yao na tuliiheshimu.

Vendel Horkay aliletwa na mke wake, Herlinda. Alikuwa Mhungaria, mpiga fagoti katika okestra ya mji, lile zumari refu la mbao lenye sauti ya mzee anayelalamika. Alikuja Xalapa kijana, kwa mkataba wa msimu mmoja, akamwona Herlinda kwenye foleni ya benki, na mpaka nakutana naye alikuwa na mvi na tumbo la heshima. Lugha ya kwao haina kike wala kiume, hata "yeye" wanayo moja tu, kama Waswahili. Lakini Kihispania chake kilikuwa kinamwagika. Alikuwa msimuliaji, mtu wa mizaha, mtu wa kushika mkono wa msikilizaji asimkimbie.

"Daktari," aliniambia nikimbandika maikrofoni, "mimi nitakuharibia utafiti wako."

"Kwa nini, Don Vendel?"

"Unatafuta wajifunzaji. Mimi nimemaliza kujifunza zamani. Muulize mke yangu."

Herlinda alitabasamu, akashusha macho kwenye mkoba wake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwalimu wa hesabu, na nilimwona kuwa mtu asiyepoteza neno. Tukawaketisha.

"Tuanze juu kushoto," Vendel akasema. "Kuna kiti. Kiti ile nyekundu."

"Nyekundu. Nimeiona. Niiweke juu kabisa?"

"Juu kabisa. Chini yake kisu. Kisu ndogo, ile yenye mpini mweusi."

"Kisu ndogo iko hapa. Na mlango je?"

"Mlango kubwa au mlango ile ya kijani?"

"Ile ya kijani, mpenzi. Ile kubwa nimeshaipata."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Jioni, nikiwa na visikizio, nilirudia kipande hicho mara kwa mara huku chai ikipoa. Hakukuwa na kusikia vibaya. Mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Xico, chini ya saa moja tu kwa basi kutoka maabara, alikuwa ameongea Kihispania kilichovunjika miguu yote, na kilivunjika palepale alipokuwa akivunja mumewe.

Wiki iliyofuata alirudi peke yake, tukamketisha na muuza maua asiyemjua. "Kiti kile chekundu," akasema, "kiko kando ya kisu kidogo." Aliendelea hivyo mpaka mwisho, safi kama nguo ya pasaka. Hakukuwa na alama hata moja ya kuweka.

Nilipomwonyesha Daktari Zaldívar alisimama, akazunguka meza, akakaa tena. Wazawa hukosea mara chache, na wakikosea ni kwa sababu ya haraka au sentensi ndefu. Huyu hakuwa na haraka. Huyu alikuwa akimfuata mtu.

"Unajua hii ni nini?" aliniuliza.

"Anamdhihaki."

"Hapana. Sikiliza tena. Hakuna kicheko ndani yake. Hajui kama anafanya."

Basi siku ya maelezo ikafika, wakaja wote wawili, na Daktari akawapokea kama mtu anayetaka kuonyesha mtoto mchanga. Namheshimu Amparo Zaldívar, lakini furaha yake haina breki. Aliwakalisha, akawaambia tumepata kitu kizuri sana, akamwuliza Vendel kama angependa kusikia.

"Kwani nani anakataa kusikia sauti yake?" Vendel akasema.

Daktari akacheza kipande cha Herlinda na muuza maua. Kisha akacheza kipande cha Herlinda na mumewe. Vendel alisikiliza huku akitikisa kichwa, akitabasamu, kama anavyosikiliza mwanafunzi wake akipiga vizuri.

"Nzuri," akasema. "Sauti yake nzuri. Kuna nini?"

"Husikii tofauti?" Daktari akauliza.

"Tofauti gani? Zote sawa."

Nikatamani kutoka nje. Nilimwonea huruma, na mimi sipendi kumwonea mtu mzima huruma. Daktari akaeleza taratibu, akarudia vipande, akaonyesha kwa kidole hewani wapi sauti inabadilika. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Vendel ulivyopungua rangi.

"Kwa hiyo kiti si 'yangu'?" akamwuliza mkewe.

"Changu," Herlinda akasema kwa sauti ndogo.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, Vendel."

"Na mlango?"

"Wangu."

"Na kisu?" Hakungoja jibu. "Wewe unaijua hii siku zote?"

"Watu wanakuelewa. Hakuna mtu hakuelewi."

"Sikuuliza hivyo, Herlinda. Umekuwa unanicheka ndani ya nyumba yangu?"

"Sikucheki! Mimi hata sijui kama naongea hivyo. Nimeshtuka kama wewe. Labda ni ya nyumbani kwetu. Unajua mama alivyotulea, mgeni akikosea neno mezani tunalirudia vilevile alivyosema, ili asijione peke yake. Labda nilianza hivyo, halafu nikaizoea."

Alikuwa anaomba radhi. Hakujua kwamba hapo ndipo alipomchoma, lakini mimi niliona. Vendel aliweka mikono yote miwili mezani.

"Mgeni," akasema.

"Nilisema mwanzoni. Mwanzoni ulikuwa mgeni."

"Rutilo, mpwa wako, akikosea neno moja, mama anamwambia amwogope Mungu. Kila Jumapili anamwambia. Wewe anakwambia. Paka anamwambia! Mimi ananiambia nini? 'Ndiyo, Don Vendel.' 'Ni kweli, Don Vendel.' Hivyo anaambiwa padri. Hivyo anaambiwa fundi ya umeme, anakunywa kahawa anaondoka. Mimi naondoka saa ngapi?"

Herlinda alimshika mkono, Vendel akautoa. Aliondoka akiacha mwavuli wake umeegemea mlango, akateremka ngazi, na kupitia dirishani nilimwona akivuka uwanja wa chuo kwenye manyunyu bila kuharakisha. Daktari Zaldívar alibaki na kidole chake hewani. Kisha akaizima mashine, na kwa mara ya kwanza nilimpenda kwa hilo.

Baada ya hapo, habari nilizipata kwa Herlinda, aliyeanza kupita maabara akitoka shuleni. Mumewe alikuwa amemwomba amsahihishe. Amsahihishe kila mara, bila huruma. Na yeye akajaribu. Akisema "mkono yangu," Herlinda anasema "wangu," na Vendel anajibu "asante." Akisema "chumba kubwa," anaambiwa "kikubwa," anajibu "asante." Asante, asante, kama watu wanaopishana kwenye lifti. Mwisho akaacha kusimulia. Akawa anasema majina ya vitu tu: chumvi, gazeti, kahawa. Ukisema jina tupu, huwezi kukosea.

"Nilikuwa na mume anayeniambia mambo," Herlinda alisema. "Sasa nina kamusi."

Hilo lingeweza kuvumilika. Tatizo lilikuwa Pécs. Katika mji huo aliozaliwa, shule moja ya muziki ilikuwa ikimwita kila baada ya miaka michache akafundishe, naye siku zote alicheka, akasema atakwenda kufanya nini huko, kula kabichi? Safari hii hakucheka. Alikuwa ameshaongea nao kwa simu, nusu saa nzima, kwa lugha yake, na Herlinda alimsikia kutoka chumba cha pili akisimulia na kufanya mizaha kwa sauti ambayo nyumbani ilikuwa imezimika. Walimtaka Januari. Alimwambia mkewe anakaribishwa kwenda naye. Alitumia neno hilo, anakaribishwa.

"Utaenda?" nilimwuliza.

"Mama ana miaka themanini na kitu. Nimwache na Rutilo, asiyeweza kuchemsha yai? Na Vendel anajua siwezi. Ndiyo maana ananikaribisha." Akaitazama mashine ya kurekodia. "Daktari, mwambie mlikosea. Mwambie mashine iliharibika."

"Siwezi, Herlinda."

"Najua. Nimeuliza tu." Akainuka, akachukua ule mwavuli wa mumewe ambao ulikuwa bado pale mlangoni. "Basi njoo ule kwetu Jumapili. Atatangaza safari. Na mama anataka kumwona mtu aliyemfanya mkwewe bubu."

Ningeweza kukataa. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa na hasira na wote watatu, mume, mke na Daktari, na hasira hunipa njaa.

Nyumba ya Doña Cástula iko Xico, nyuma ya kanisa, ina ua wenye mabanda ya kuku na mibuni inayojiotea. Mwenyewe alikuwa mfupi, mpana, na nywele zake alizisuka mbili kama msichana. Alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, daktari, karibu sana. Nyumba ni yako. Samahani kwa matope."

"Hakuna matope, mama."

"Yapo, lakini asante." Akageuka. "Rutilo! Mbona kiti cha daktari kina maji? Una macho ya mapambo?"

Rutilo, jitu la miaka thelathini linaloendesha lori la gesi, akafuta kiti kwa shati lake. "Si ni manyunyu tu, bibi, yameingia kwa hii dirisha."

"Dirisha hili! Hili! Nilikupeleka shule ukalale?"

"Hili, bibi."

Vendel alikuwa ameshaketi, amevaa koti kama mtu anayesubiri treni. Alinisalimu kwa kichwa. Doña Cástula akampakulia wa pili, baada yangu mimi, kabla ya bintiye, kabla yake mwenyewe. Akamchagulia kipande kizuri, kidari, akakimwagia ule mchuzi mweusi wa pilipili na chokoleti ambao watu wa Xico wanaupigania na dunia nzima. Akamwekea kitambaa cha mkono kilichopigwa pasi. Rutilo alipewa shingo.

"Unatosheka, Don Vendel?"

"Natosheka, mama. Asante."

Tulikula. Wakati fulani nikasema kuku ni mtamu sana, sijawahi kula kuku laini hivyo. Rutilo aliinua kichwa, akakishusha. Doña Cástula akasema asante, daktari, ni kuku wa hapahapa uani. Herlinda akaniongezea mchuzi. Kisha Vendel akafuta mdomo, akasimama, na nikajua ndiyo hiyo.

Alikuwa amejiandaa. Alianza polepole, kila neno amelipima, na kwa sentensi chache hakukosea kitu. Alishukuru kwa miaka yote. Alisema ameitwa Pécs, na atakwenda Januari. Alisema Herlinda atabaki mpaka atakapotaka mwenyewe. Doña Cástula alikuwa akimsikiliza na mikono yake mapajani, uso wake una ile adabu ambayo hata kwa nyundo huipasui.

"Ni kweli, Don Vendel," akasema. "Kwenu ni kwenu."

Nadhani Vendel alitaka abishiwe. Alitaka mtu yeyote abishe. Alibaki amesimama, sauti ikaanza kumpanda, na ule mpangilio wote ukamtoka.

"Kwetu! Unaona? Kwetu! Mimi nimekula meza hii, nimezika mzee hapa, nimebeba jeneza yake na mabega yangu, na nyinyi wote mnaniangalia kama mtu ya kupita! Nimechoka, mama. Mimi natoka hapa na moyo yangu ime…"

"Wangu!"

Doña Cástula alikuwa amepiga meza kwa kiganja, mchuzi ukaruka kwenye kitambaa changu.

"Moyo wangu! Wangu! Miaka yote hii unakula kwangu na moyo wako mwenyewe hujui kuuita? Na jeneza ni lake, lake, alikuwa mume wangu, namjua! Unasimama mezani kwangu na koti kama mwanasheria, unaniambia unamwacha binti yangu, halafu unaniambia vibaya! Kaa chini!"

Vendel akakaa.

"Mama," Herlinda akasema.

"Nyamaza, nawe umemdekeza. Nimevumilia kumi, nimevumilia ishirini. Ule mdude wako unaoupiga Jumapili mchana watu wamelala, nani alikwambia tunaupenda? Unalia kama ng'ombe amekwama! Na ule mzaha wa askofu na punda, umeusimulia kila Krismasi, tumecheka mpaka mbavu zinauma kwa kujilazimisha. Na kahawa unaweka sukari kabla hujaonja, kahawa yangu! Pécs! Utakwenda Pécs nani atamshika Rutilo ngazi akipanda darini? Mimi?"

"Mama, sikujua kama…"

"Hukujua kwa sababu hatukukwambia. Sasa nimekwambia. Tortila zimepoa. Inuka ukapashe, kwani umevunjika mguu? Rutilo anapasha, Herlinda anapasha, wewe ni nani, balozi?"

Hakumwita Don, lile neno la heshima. Kihispania kina "wewe" mbili, na alimsemesha kwa ile ya mtoto na ya paka, siyo ile ya padri. Vendel aliinuka taratibu, akachukua kikapu cha tortila, zile chapati za mahindi, akavua koti akaliacha kwenye kiti, akaingia jikoni. Herlinda alitaka kumfuata. Mama yake akamzuia kwa jicho.

Alikaa jikoni muda mrefu kuliko tortila zinavyohitaji. Tulisikia bomba likifunguliwa, likifungwa. Kisha tukasikia harufu.

"Anaziunguza," Rutilo akasema.

"Acha aunguze," akasema Doña Cástula. Aliufuta uso kwa ncha ya msuko wake, akanigeukia. "Utusamehe, daktari. Tumekula mbele yako kama watu wasio na mama."

"Hakuna shida, mama."

Vendel alirudi, macho mekundu, mikono ina majivu. Doña Cástula akakagua kikapu. Akachagua zile nzuri akaniwekea mimi. Zile zilizoungua akazitupa zote kwenye sahani ya Vendel, na kile kidari kizuri akakihamishia kwake mwenyewe, akampa Vendel bawa.

"Kula. Na hiyo ni nini umeshika?"

"Kijiko yangu."

"Changu!" wakasema watatu kwa pamoja, Rutilo akiwa na sauti kubwa kuliko wote.

"Changu, changu! Mtaniua!" Vendel akafoka, akaling'ata bawa, na mkewe akaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, akishindwa kushika kitambaa. Kisha Vendel akaanza kusimulia, mdomo umejaa, jinsi mkurugenzi wa shule ile ya Pécs alivyo na masikio makubwa, na kila sentensi alikatwa mara mbili, akakasirika, akaendelea. Hakusema kwamba haendi. Alisema itabidi wampate mpiga fagoti mwingine, tena mwenye subira, na Herlinda akaweka uma wake chini na kumwangalia mpaka alipomaliza.

Nilikwenda uani kunawa. Kando ya bomba palikuwa na beseni, na ndani yake kichwa cha bata mzinga, na ile nyama yake nyekundu ya juu ya mdomo imelala pembeni, na manyoya meusi ya kujaza gunia. Nilisimama nikakitazama. Nikahesabu kichwani nani mezani alinisikia nikisifu kuku. Wote.

Vendel alinisindikiza mpaka getini, ameshika ule mwavuli. Manyunyu yalikuwa yamerudi. Nilitaka kujua kitu kimoja, kwa ajili ya kazi na kwa ajili yangu.

"Don Vendel, tulichokula leo, alikuwa kuku kweli?"

Alinitazama usoni kwa upole mkubwa. Ilikuwa ile adabu ya mama mkwe wake, haipasuki hata kwa nyundo.

"Kuku wetu wa kienyeji, daktari," akasema. "Huwa wanakuwa wakubwa."

Masikio yangu yalifanya kazi yake yenyewe, kama kawaida. Hakukuwa na kosa hata moja. Nikamshukuru, nikachukua mwavuli alionipa, nikateremka kwenda kituoni.